Bustani za michezo ni za wanandoa pia

Mhariri,

Kurasa zenu za safari huzitaja bustani za michezo kana kwamba ni za watoto tu. Mimi na mume wangu tulishinda kutwa nzima Tivoli, Copenhagen, bustani iliyofunguliwa mwaka 1843. Tuliipenda zaidi treni ya mbao ya mwaka 1914, inayopanda na kushuka vilima vya bandia. Hadi leo mfanyakazi hupanda pamoja na abiria akifunga breki kwa mkono, la sivyo ingeteremka kwa kasi ya hatari. Mume wangu, mtu mkimya, alipiga kelele kuliko vijana!

Tafadhali, mnapoandika kuhusu bustani za Dar es Salaam na Mombasa, tuelezeni sisi wenzi pia: viingilio, saa za jioni, mahali tulivu pa kukaa.

Msomaji wenu,
Tanga