Kabla hujang'olewa meno manne, uliza milimita

Binamu yangu hapa Junda ana miaka 19, na meno yake ya mbele yamebebana kama abiria wa matatu ya Mishomoroni jioni. Juzi alienda kuulizia nyaya za meno. Dakika kumi kitini, akaambiwa: tunang'oa manne, mawili juu, mawili chini, ndio tuanze. Eksirei hakupigwa. Bei akapewa.

Nyumbani kukawaka. Shangazi hataki kusikia: jino zima ling'olewe la nini? Binamu naye anataka yang'olewe hata kesho. Mimi, kwa vile ndiye wa kusomasoma kwa simu, nikaambiwa niamue.

Shangazi, nisamehe, kung'oa si uhuni. Ubishi huu ni wa kitambo. Mwaka 1911 huko Marekani, Edward Angle, gwiji wa fani hii, alishikilia kila mtu abaki na meno yake yote. Calvin Case akampinga. Baadaye Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, akaona baadhi ya wagonjwa aliowanyoosha bila kung'oa wanarudi meno yamepinda tena au yametokeza. Akaanza kuwang'oa magego madogo, yale ya nyuma tu ya chonge.

Lakini Tweed hakung'oa kwa kukisia. Nafasi inayokosekana kwenye taya inahesabika kwa milimita. Ikiwa ni ndogo, wakati mwingine inatosha kupanua safu ya meno au kuyasaga kidogo pembeni. Ikiwa ni kubwa, au meno yametokeza hadi midomo haifungi vizuri, hapo kung'oa kuna maana. Mwenye midomo iliyoingia ndani tayari, ukimng'oa unaweza kuizamisha zaidi. Sasa hayo yote umeyaonaje kwa macho tu, bila eksirei ya taya, bila ya kichwa kwa upande, bila hata kuchukua alama ya meno? Na jino la ukubwani likitoka, basi.

Kwa hivyo nimemwambia binamu asilipe kitu kwanza. Atafute mtaalamu wa kupanga meno aliyesajiliwa na baraza la madaktari, si yeyote mwenye koleo, apimwe, kisha aulize: nakosa milimita ngapi? Tusipong'oa itakuwaje?

Amekubali, kwa kununa. Shangazi sasa anauliza eksirei ni pesa ngapi, na mbona ananiangalia mimi.