Kabla hujahamia ng'ambo ya daraja, piga hesabu

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, anayetoka Sengerema kwenda Mwanza hasubiri tena kivuko. Ndiyo maana wapo wazazi wanaojiuliza: kwa nini nisipange Sengerema kwenye kodi nafuu, kazini nikawa nakwenda na kurudi?

Wazo si baya, ila kodi ni sehemu moja tu ya gharama. Tuseme kwa kuhama unaokoa shilingi 70,000 kwa mwezi. Nauli yako ikiongezeka shilingi 4,000 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni shilingi 88,000. Hapo hujaokoa kitu, umeongeza 18,000.

Na hiyo ni fedha tu. Ukiondoka alfajiri ukarudi usiku, nani atakagua madaftari? Baba na mama wote wakivuka, nani yuko karibu mtoto akishikwa na homa shuleni? Kama mmoja wenu ana kazi au biashara hukohuko Sengerema, hesabu inabadilika. Kaeni chini wawili mwiandike kwenye karatasi.

Mkiamua kuhama, angalieni mambo matatu.

Kwanza, mkupuo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita, na dalali naye hudai ya mwezi mmoja. Usimalize akiba Desemba wakati Januari sare na madaftari vinakusubiri. Omba kuanza na miezi mitatu.

Pili, mkataba wa maandishi. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo bei ni maelewano yenu. Mkataba useme kodi itabaki ileile kwa muda gani, notisi ni ya miezi mingapi, na nani anatengeneza bomba likipasuka. Kila malipo yawe na risiti.

Tatu, LUKU. Kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme: nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba, si wako. Kubalianeni mapema aipunguze kwenye kodi yako, na utunze meseji za manunuzi.

Shilingi 18,000 si ndogo. Kwa mtoto ni viatu vya shule.