Mbuzi wa Jirani na Mchicha Wetu



Juma hili sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Alfajiri moja, baada ya swala, nilitoka uani kukimwagilia maji kibustani changu: matuta mawili ya mchicha, magunia manne ya sukumawiki na mashina machache ya bamia kando ya ukuta. Nikakuta mabua matupu. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepita usiku, na alama za kwato zao zilikuwa mbichi. Kwa hasira nilimwambia mwanangu aende dukani akanunue sumu, aichanganye na maganda, ayamwage kando ya ugo. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Mama, na paka wetu akila? Na yule mtoto wa bi jirani anayetambaa?" Nikanyamaza. Sumu haikununuliwa.

Katika Suratul Anbiyaa imetajwa kesi ya shamba lililoliwa usiku na wanyama wa watu, walioiamua Nabii Daudi na mwanawe Sulaiman, amani iwe juu yao. Wafasiri wanaeleza kuwa Sulaiman aliona mwenye shamba apewe wanyama anufaike na maziwa na sufu zao, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi hali yake. Kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Imepokewa pia kwamba Mtume (SAW) alihukumu wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye wanyama wawajibike kwa uharibifu wa usiku. Basi haki yangu nilikuwa nayo. Lakini njia ya kuidai ni mlango wa jirani, si maganda yenye sumu.

Jioni nikajifunga ushungi, nikachukua sahani ya vitumbua, nikaenda kubisha hodi. Jirani yangu hakujua lililotokea. "Shoga yangu, niwie radhi," akasema, "kamba ilikatika." Tukakubaliana: mbuzi watafungwa kabla ya magharibi, nami nitaukaza ugo wangu kwa fito na kipande cha wavu. Juu ya hayo, kila Ijumaa huniletea gunia la samadi ya mbuzi. Naiacha ioze vizuri kabla ya kuitia kwenye matuta, na mchicha wa leo umeushinda ule ulioliwa.

Wako wageni wengine wasio na mlango wa kubishwa. Nitawataja kwa ufupi.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani ya sukumawiki na kunde, huwa wengi zaidi wakati wa ukavu. Ukiwaona mapema, wakamue kwa vidole au wamwagie maji kwa nguvu. Wakizidi, tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, uwanyunyizie chini ya majani wakati wa jioni. Sisimizi wanaopanda shina mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na vidukari. Ukiondoa vidukari, nao huondoka wenyewe. Hivyo hatuna haja ya kuwaua sisimizi, nasi tumekatazwa kufanya hivyo. Na kile kijidudu chekundu cha mviringo chenye madoa meusi mgongoni kiache kabisa, kwani chakula chake ni hao hao vidukari.

Kwa viwavi, dawa yetu i katika mwarobaini, ambao haukosekani mitaani mwetu. Okota mbegu zilizokauka, uzitwange kwa kinu ambacho hutatwangia chakula tena, uzilowe usiku kucha, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Asubuhi chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, ungoje jioni ndipo unyunyize, maana jua kali huipunguza nguvu. Rudia kila baada ya juma moja. Haiui papo hapo. Humfanya kiwavi aache kula na asikue. Basi subira inatakiwa. Mboga zioshwe vyema kabla ya kupikwa.

Konokono hutoka usiku baada ya mvua. Chukua kurunzi na ndoo, uwaokote, na watoto watakusaidia kwa furaha. Waoshe mikono baadaye. Jivu kavu kuzunguka miche huwazuia, ila likinyeshewa halifai tena.

Kunguru wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi, wanang'oa miche na kudonoa nyanya. Wavu juu ya matuta unatosha. Kunguru na panya wametajwa katika hadithi miongoni mwa viumbe waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa, lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Kwa panya, anza kwa kuondoa taka na makombo karibu na bustani, kisha tega mtego. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa; na mtoto hajui tofauti ya sumu na peremende.

Dada zangu, tutalinda, na bado kitaliwa kitu. Hapo tukumbuke bishara ya Mtume (SAW), kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Bishara hiyo haituondolei kazi ya kukaza ugo, lakini hutuondolea kinyongo. Asubuhi ile ningeikumbuka mapema, nisingemtuma mwanangu kununua sumu.

Tukijaaliwa, juma lijalo tutazungumzia namna ya kuhifadhi mbegu za bamia na mchicha. Wabillahi tawfiq.