"Mamdogo, shimo jeusi litatumeza?"

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Mwanawe wa darasa la nne alikuwa hajalala vizuri siku ya tatu, na kila asubuhi analalamika tumbo. Alishapimwa malaria, hana. Mwishowe mtoto akasema mwenyewe: ameona video kwenye simu ya baba yake, shimo jeusi linaimeza Dunia.

Nikaomba kuongea naye. Nikaanza kwa kosa: "Hakuna kitu kama hicho, lala."

"Mamdogo, unanidanganya. Picha yake nimeiona."

Nilistahili. Picha ipo, ya kwanza ilitolewa Aprili 2019.

Nikaanza upya. Nyota kubwa sana ikiishiwa mafuta yake, kiini chake huporomoka, na mara nyingi sehemu ya nje hulipuka. Kinachobaki kinaweza kuwa shimo jeusi, lenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Lakini halizururi angani likitafuta wa kumeza. Anayemezwa ni anayelikaribia mno. Lile kubwa lililo katikati ya galaksi yetu lina uzito wa Jua mara milioni 4, na mwanga unaotoka jirani yake huchukua miaka kama 26,000 kutufikia.

"Na Jua likilipuka?" Sauti ilitetemeka. Kumbe hofu yenyewe ilikuwa hapa.

Nikamwambia Jua ni dogo mno kulipuka hivyo au kuwa shimo jeusi, na limebakiwa na mafuta ya miaka kama bilioni 5. Kisha apitishe ulimi kwenye meno. Kalsiamu iliyomo humo, na chuma kilichomo kwenye damu yake, vilitokana na nyota zilizolipuka kabla Jua halijakuwepo.

Kimya. "Kwa hiyo nina nyota mdomoni?"

Mzazi, tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kweli, hajifanyi. Itazameni video hiyo pamoja, mchana, si saa ya kulala. Swali likikushinda, mwambie mtalitafutia jibu wote. Usingizi ukiendelea kukatika kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

Jumapili dada akaniambia kijana analala. Ila sasa hataki kupiga mswaki, eti atazifuta nyota.