Gesi ya upasuaji yatuliza uvimbe tumboni, lakini usiache dawa zako

Kabla daktari hajaingiza kamera tumboni kwa upasuaji wa matundu madogo, tumbo la mgonjwa hujazwa gesi kwanza. Ni kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda.

Inatumika kwa sababu haishiki moto vifaa vya umeme vinapokata nyama au kuzuia damu. Pia huyeyuka haraka kwenye damu, kisha mgonjwa anaitoa kwa kupumua.

Kumbe kazi yake haiishii kwenye kupanua nafasi tu.

Maabara ilionesha nini?

Mwaka 1997, jarida la Annals of Surgery lilichapisha utafiti uliohusu seli za kinga za panya, zile zinazomeza vijidudu. Zilipowekwa kwenye hewa ukaa, zilitoa kiasi kidogo cha TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe. Zilipowekwa kwenye gesi ya heli, hazikutulia namna hiyo.

Sababu ni asidi. Hewa ukaa ikikutana na maji hutengeneza asidi, na asidi ikizidi ndani ya seli, kasi yake ya kutoa kemikali hizo hupungua.

Kwa nini ni habari kubwa?

TNF ndiyo inayozuiwa na infliximab na adalimumab, dawa wanazopewa wagonjwa wa Crohn na wa vidonda vya utumbo mpana. Haya ni maradhi ya muda mrefu: utumbo unavimba, mtu anaharisha, wakati mwingine damu, na uzito unapungua. Dawa zenyewe ni za sindano au dripu, na bei yake si ya kitoto.

Kwa hiyo gesi ya bei nafuu inayogusa kemikali hiyo hiyo lazima iwavutie watu.

Tatizo liko wapi?

Kwanza, muda. Gesi hutolewa upasuaji ukiisha, na kilichobaki mwili unakimaliza. Seli zikiondolewa kwenye gesi, hurudia kazi yake. Crohn huishi na mtu miaka.

Pili, mahali. Gesi inagusa utumbo kwa nje. Vidonda vya utumbo mpana viko kwenye ngozi laini ya ndani.

Tatu, sifa zote si za gesi. Mgonjwa wa matundu madogo huvimba kidogo pia kwa sababu hakupasuliwa sana.

Nne, TNF si adui tu. Huita askari wa mwili kupambana na maambukizi. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanzishiwa dawa za kuizuia, maana TB iliyolala inaweza kuamka. Kuituliza kinga kuna gharama yake.

Mgonjwa afanye nini?

Asikimbilie soda. Gesi ya soda inaishia tumboni na kutoka kwa kucheua. Haifiki kule inakojazwa na daktari, na inaweza kumwongezea mgonjwa tumbo kujaa.

Wala asiache dawa. Faida ya utafiti huu kwa sasa ni ya madaktari: kujua kwamba gesi wanayojaza tumboni nayo inagusa kinga ya mgonjwa. Hiyo ni dalili ya kufuatilia. Tiba bado.