Taarab si kachumbari ya simfoni

Juzi juzi Unguja kulikuwa na onyesho la pamoja kati ya orkestra ya simfoni ya wageni na wanataarab wetu. Wenyeji walipewa wimbo mmoja wa mwisho, kama kachumbari pembeni ya sahani, na hata huo ukabadilishwa uendane na ala za wageni. Mpiga ganuni akaambiwa apumzike. Kisha ikasomwa hotuba ndefu kuhusu mkutano wa tamaduni. Mimi sikuona mkutano wowote. Niliona uvivu.

Utetezi wao naujua: orkestra hizi huja na fedha, vyombo na walimu, na kijana anayejifunza kusoma noti hapotezi kitu. Sawa.

Lakini tuutazame wimbo wenyewe. Ulikuwa katika maqam (mpangilio wa sauti) ya rasti, ambayo sauti yake ya tatu inakaa kati ya noti mbili za piano, na utamu wa wimbo uko hapo hapo. Ganuni ina vijipande vya chuma chini ya nyuzi, ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza kwa vidole ili aipate sauti hiyo. Ukiisogeza hadi kwenye noti ya piano, unaimba kitu kingine, hata maneno yakibaki yaleyale. Wageni wakadai ala zao hazifiki huko. Fidla nayo haifiki? Shingo ya fidla haina vigawanyo. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imepatikana. Wapiga fidla wa vikundi vyetu vya taarab, Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, wanaipata siku zote, kwa fidla za aina ileile. Tarumbeta ningezisamehe, zingenyamaza ubeti mmoja na hakuna ambaye angeumia. Fidla zilizojaza nusu ya jukwaa sizisamehi. Kilichokosekana ni masikio, na masikio hayafunzwi kwa zoezi la alasiri moja.

Tena wanatuhubiria kukutana sisi! Kukutana tunakujua zamani. Sultani Barghash wa Zanzibar anatajwa kumpeleka mwanamuziki Mohamed Ibrahim Cairo kusomea ganuni katika karne ya 19. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Fidla na chelo zilipoingia katika taarab, ndizo zilizojifunza maqam za rasti na bayati. Hakuna aliyeipunguza rasti kwa ajili yao.

Kinshasa ilikuwa vivyo hivyo kwa upande wa pili. Armand Diangienda alipoanzisha orkestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, mwaka 1994, wengi wa wapigaji walianza bila ujuzi, na uzi wa fidla ukikatika waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli. Walijifunza Beethoven kama alivyoandika. Hawakumwomba mtu awapunguzie noti.

Basi safari ijayo wageni waje na wiki mbili za mazoezi, na ganuni ndiyo itoe sauti ya kulinganishia, si oboe. Wasio na nafasi wapige Mozart peke yao. Tiketi tutanunua.