Kiti cha Illinois na Mfuko wa Sukari

JAMVINI, na Mwinyi Kashata

Wasomaji wangu wa Ijumaa, ambao kwa miaka mingi wamenivumilia mimi, magoti yangu, mbuzi wa jirani na ugomvi wangu usiokwisha na redio ya Bwana Antena, watanisamehe leo nikianza na ghadhabu kabla ya salamu. Maana Jumanne iliyopita, baina ya magharibi na isha, pale kwenye baraza yetu ya Kibokoni, aliketi mbele yetu kijana mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata papai, akatuarifu kwamba anautaka useneta wa kaunti yetu, na kwamba anautaka kwa ajili yetu.

Hilo halikunighadhibisha. Wanaotaka vyeo kwa ajili yetu ni wengi kuliko kunguru wa Mombasa, na mimi nimezoea. Lililonichoma ni maneno aliyoyasema baada ya kikombe cha pili, alipoinua kidole chenye pete ya akiki akatamka: "Wazee wangu, Marekani kiti cha seneti hakinunuliwi. Tazameni Illinois, alikotokea mwana wetu Obama. Kule raia huchagua wenyewe tangu enzi za mababu zao, na pesa haina kauli." Akayanena hayo ilhali nyuma yake wasaidizi wawili wanateremsha kutoka kwenye tuktuku mifuko ya khaki yenye sukari, kilo moja moja, na juu ya kila mfuko imebandikwa picha yake akicheka.

Illinois! Ana majimbo 50 ya kuchagua, naye anatutajia Illinois. Ni kumpeleka mgeni soko la samaki alfajiri ili anuse waridi. Bwana Antena, ambaye hajapata kusikia jambo lisilotoka redioni, akaitikia, "Taib, taib." Nami nikakifudikiza kikombe changu juu ya sinia, na muuza kahawa wetu ajua maana yake: Mzee atasema, na akianza kusema hapana kitakachouzwa tena mpaka isha.

Nikamwambia, mwanangu, keti kitako. Jimbo hilo liliingia katika muungano wa Marekani Desemba 1818, likapeleka maseneta wake wawili wa mwanzo, Ninian Edwards na Jesse Thomas, na tangu siku hiyo hadi mwaka 1913 hapakuwa na mkulima wala mhunzi wa Illinois aliyetia karatasi sandukuni kumchagua seneta. Waliochagua walikuwa wajumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo, watu wachache waliokutana chini ya dari moja, wenye majina, nyumba na madeni, ambao mwenye haja angeweza kuwazungukia kwa wiki mbili akajua nani ana binti wa kuozwa na nani paa lake linavuja. Wakiwa wachache wenye kutoa, na kitolewacho kikiwa kikubwa, bei huzuka yenyewe kama uyoga baada ya mvua, wala sihitaji mwanachuoni wa kunithibitishia.

Abraham Lincoln mwenyewe, ambaye dunia nzima humtaja kwa taadhima, alikitaka kiti hicho mara mbili na mara mbili akarudi nyumbani bila nacho. Mwaka 1855 aliongoza katika hesabu ya kwanza ya wajumbe, na Lyman Trumbull akapata kura 5 tu. Lakini kura ziliporudiwa tena na tena, na gavana Joel Matteson akaonekana yu karibu kukitwaa, Lincoln akawaomba wafuasi wake wampe Trumbull. Mwaka 1858 akazunguka jimboni akijadiliana na Stephen Douglas hadharani mara saba, mijadala inayosomeshwa hadi leo, na umati ukasimama juani kusikiliza; kisha mapema mwaka uliofuata wajumbe wakakaa wakampa Douglas, 54 kwa 46. Umati haukuulizwa.

Na hapa nitachepuka kidogo, maana kiti kile cha 1855 kilikuwa cha James Shields, na Shields siwezi kumpita njiani bila kumwamkia. Mzaliwa huyu wa Ireland alikasirishwa mwaka 1842 na barua za kejeli gazetini, akamtaka Lincoln wapigane, wao wawili tu, mpaka damu imwagike. Lincoln, ambaye kwa kuwa ndiye aliyetakwa alikuwa na haki ya kuchagua silaha, akachagua panga pana za askari wa farasi, kwa sababu mikono yake ilikuwa mirefu kama makasia na ya Shields ilikuwa mifupi. Wakavuka mto, panga zikaletwa, marafiki wakaingilia kati, wakapatana. (Nami niliyepata kutishwa kwa barua na fundi wa mashua kwa habari ya yule mbuzi nilijuta sana siku hiyo kuwa mikono yangu ni ya kawaida.) Shields akaja kuwa seneta mwaka 1849, Seneti ikautangua uchaguzi wake kwa kuwa hajatimiza miaka tisa ya uraia, akarudi nyumbani, akangoja itimie, akachaguliwa upya mwaka uo huo. Baadaye akawa seneta wa Minnesota, kisha wa Missouri, na hakuna mtu mwingine aliyepata kuwakilisha majimbo matatu katika Seneti ile. Mtu kama huyo ningemlipia kahawa.

Lakini kijana wetu alikuwa anatazama saa, basi nikamfikisha kwa William Lorimer. Mwaka 1909 wajumbe wa Illinois walikaa tangu Januari mpaka mwishoni mwa Mei wakishindwa kuafikiana juu ya seneta, halafu kwa ghafla, kama watu walioteremshiwa ilhamu kwa pamoja, wakamwafiki Lorimer, bwana mkubwa wa siasa za Chicago, hata wengi wa chama cha upinzani wakamfuata. Mwaka mmoja haukutimia, mjumbe aitwaye Charles White akaenda katika gazeti la Chicago Tribune, akakiri kwamba kura yake ililipiwa dola 1,000. Seneti ikachunguza, ikamsafisha. Ikachunguza tena, na Julai 1912, kwa kura 55 kwa 28, ikatamka kuwa uchaguzi wake ulikuwa batili, bwana akafungasha. Fedheha ile ikawazidishia Wamarekani ari ya kuibadili katiba yao, hata tangu 1913 raia wakawa wanamchagua seneta kwa mikono yao wenyewe.

"Umeona, babu!" akasema kijana. "Wakajisafisha."

Naam, walijisafisha. Mwaka 1926 raia wa Illinois, kwa mikono yao hiyo hiyo, walimchagua Frank Smith, mwenyekiti wa tume iliyosimamia bei za umeme jimboni; na gharama za kampeni yake zilitoka, kwa kiasi cha dola 125,000, mfukoni mwa Samuel Insull, tajiri aliyewauzia umeme. Mwenye kupimiwa bei akamgharimia mwenye mizani. Seneti ikakataa kumketisha, akaning'inia mlangoni mpaka mwaka 1928 alipofungiwa kabisa.

Bwana Antena, akiona mgeni wake anatota, akamtupia kamba: "Hata hivyo, Mzee, jimbo hilo ndilo lililotoa mtu mweusi wa kwanza katika Seneti, mwana wetu Obama." Subhanallah! Wa kwanza alikuwa Hiram Revels wa Mississippi, mwaka 1870. Na katika Illinois yenyewe, kabla ya Obama, alikaa Carol Moseley Braun, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Seneti, aliyechaguliwa mwaka 1992, ambaye mwaka uliofuata, wenzake walipokuwa karibu kuithibitisha nembo ya jumuiya moja yenye bendera ya waliopigania utumwa, alisimama akawasema hata wakaona haya, na wengi waliokuwa wamekwisha kukubali wakageuza kura zao. Obama akaingia Januari 2005. Kiti chenyewe hakukikalia hata miaka minne, lakini kwetu Kenya kimetuachia jina juu ya shule ya Kogelo, na jina la utani juu ya bia ya bei nafuu iitwayo Senator, ambayo watu wa bara walikuja kuiita Obama, nasi wa jamvini twaijua kwa kusikia tu. Seneti yetu wenyewe, iliyozaliwa 1963, ikazikwa kabla ya kutimiza miaka minne na kufufuliwa 2013, haijapata heshima ya kuitiwa hata soda.

Kijana akatabasamu, akasema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, "Ahsante kwa darsa, babu. Lakini hayo ya kununua ni ya wazungu wa kale."

Wa kale! Kiti hicho hicho cha mwana wetu kilipobaki wazi Novemba 2008, aliyekuwa na mamlaka ya kumteua mrithi ni gavana mmoja tu, Rod Blagojevich, ambaye simu zake zilikuwa zikisikilizwa na wapelelezi wa serikali, nao wakamsikia akikipima kiti kama sonara apimavyo dhahabu: nikikitoa, nitapata nini? Tarehe 9 Desemba wakamkamata nyumbani kwake alfajiri. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, akamteua Roland Burris, aliyefika mlangoni mwa Seneti siku ya kiapo, akaambiwa karatasi yake ina upungufu wa sahihi, akarudishwa nje kwenye mvua ya Januari huku amekwisha kuvaa tai. Siku chache baadaye wakamwingiza. Gavana akauzuliwa mwezi uo huo wa Januari, akaja kuhukumiwa kifungo cha miaka 14, Rais Trump akakikatiza mwaka 2020, na mwaka 2025 akamsamehe kabisa.

Adhana ikatoka, kijana akashukuru kwa kuinuka, akatupa mkono sote, wa Bwana Antena kwa mikono miwili, akapanda tuktuku. Mifuko ya khaki ikabaki barazani, imepangwa, picha zikitucheka.

Sasa nakuja kwa Charles White, kwa kuwa kuna jambo moja ninalomhusudu mtu yule. Alipokea, akala, kisha akaenda gazetini akasema nimepokea, nimekula. Nilipotoka msikitini nilikuta Bi Mkubwa amekwisha kuumimina mfuko wetu katika kopo, na asubuhi ya Jumatano nimekunywa chai ya vijiko viwili, nikaongeza cha tatu. Nakiri. Na gazeti ndilo hili. Tena mtoto wa dukani, kwa uchokozi wake, alikuwa ameutia mfuko wa Bwana Antena juu ya mizani, mbele ya mashahidi, na ile kilo ya mheshimiwa ikatimia gramu 850.